Fundi wa tangi la samaki wa maji chumvi aliyekuja South B, Nairobi, akatazama, akaacha mikono mfukoni

Nimemlipa fundi shilingi 3,500. Alikaa sebuleni kwangu saa mbili na nusu, na mnyama niliyemwitia hakumgusa hata kwa ncha ya kidole. Ningemlipa tena kesho. Naandika kwa kirefu kwa sababu usiku ule nilipokuwa natafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye umbo kama ua, anayegawanyika, sikuona hata sentensi moja ya kunishika mkono.

Tangi lenyewe ni la ndugu yangu. Alipopata kazi Doha mwaka 2022 aliniachia: lita 200, mawe, taa, pampu mbili, samaki wawili waitwao klauni na anemoni mmoja mdogo aliyekuwa ndio kwanza amenunuliwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Msambweni, pwani ya kusini. Utotoni, maji ya bamvua yakitoka, tulitembea juu ya mwamba tukiokota vikome, na wanyama hawa tuliwaona madimbwini wamefunguka kama maua. Bibi alitukataza kuwashika kwa sababu wanawasha. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitamfuga mmoja gorofa ya tatu, kilomita karibu 500 kutoka baharini.

Huyu wangu kwa jina la kisayansi ni Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake, yaani vile vidole vyake laini, huvimba kama viputo. Klauni wanaoishi naye ni wa pwani yetu hiyohiyo, Amphiprion allardi: mwili wa hudhurungi, mikanda miwili myeupe, mkia mweupe. Jike ndiye mkubwa, na nikitia mkono tangini hunigonga hadi niutoe. Kwa miaka miwili nilimlisha anemoni mara mbili kwa wiki, kamba wa kutoka City Market niliomkatia vipande vya kadiri ya punje ya mahindi. Akakua, akafikia upana wa sahani ya chai.

Jumamosi moja ya Julai nilibadilisha maji. Nilibadilisha mengi, lita 70 kwa mpigo, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na kioo kilikuwa kimeota mwani. Chumvi niliipima kwa kikombe badala ya mizani. Maji mapya yalikuwa yamelala jikoni usiku kucha, na baridi ya Julai ya Nairobi mnaijua. Nayaweka makosa haya mbele ili anayesoma aelewe yaliyofuata.

Jumatatu jioni narudi kutoka shuleni, taa ya tangi ingali inawaka, nikaona anemoni amehama. Alikuwa ametoka kwenye ufa wake wa miaka yote, amepanda juu ya jiwe, na mwili wake haukuwa duara tena. Ulikuwa umevutwa huku na huku kama chapati inayosukumwa upande mmoja tu. Mdomo wake, ambao siku zote ni kitone kilichobana katikati, ulikuwa umerefuka ukawa mfereji, mfano wa tundu la kifungo cha koti. Minyiri ya kati ilikuwa imelala, ya pembeni imesimama. Moyo ulinipasuka.

Nilipiga simu duka ambalo ndugu yangu alimnunua. Duka silitaji. Mhudumu hakuuliza swali hata moja. "Huyo ashaenda, mama. Mtoe leo leo kabla hajaharibu maji. Halafu pita hapa uchukue dawa uoshee tangi, ni elfu moja na mia mbili tu." Nilikuwa tayari nimeshika wavu. Mwanangu ndiye aliyenizuia, akasema rafiki yake ana namba ya kijana anayehudumia matangi ya maji chumvi nyumbani kwa watu.

Nikamtumia kijana huyo video kwa WhatsApp saa mbili usiku. Huduma yake ilianzia hapo, na hapo ndipo alipopata nyota yake ya kwanza kwangu, kwa sababu hakuja na hukumu. Aliniuliza mambo matatu. "Shikamoo Mwalimu, na pole. Kwanza niambie: mguu wake umeshika jiwe au unaning'inia? Maji yananuka? Na ukichungulia mdomoni, unaona nyama za ndani zimetoka nje kama nyuzi nyeupe?" Nikachungulia kwa tochi ya simu. Mguu ulishika, tena kwa nguvu, umetandazwa juu ya jiwe. Maji yalinuka bahari, basi. Nyuzi hazikuwapo. Akajibu: "Basi usimguse, usimlishe, usibadilishe maji tena. Huyo huenda anajigawa. Nakuja kesho saa kumi na mbili jioni."

Alifika saa mbili kasoro dakika ishirini. Foleni ya Mombasa Road, alisema, na alikuwa amenitumia ujumbe wa kuniarifu mara mbili, kwa hiyo simlaumu sana, ingawa mtu mwenye watoto wa kulaza angeudhika. Alivua viatu mlangoni. Mkobani alikuwa na vitu vichache: kifaa cha kupimia chumvi, kipimajoto, chupa ndogo za kupimia amonia na naitreti, tochi ya kichwani, sifongo, na bomba la sindano lisilo na sindano. Niliambiwa baadaye kwamba ni mtoto wa Shimoni, kulekule pwani ya kusini, na babake alikuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo. Ilionekana. Alikaa mbele ya kioo dakika kumi nzima bila kusema neno, kama mtu anayesikiliza redio.

Kisha akazima pampu, maji yakatulia, akaniita nipige magoti kando yake. Akamulika kutoka ubavuni, si kutoka juu. "Tazama mguu kwanza, Mwalimu, mdomo baadaye." Nikaona. Wayo wa anemoni ulikuwa umeshika jiwe sehemu mbili zilizo mbali, na kati yake nyama ilikuwa imekonda hadi mwanga wa tochi ukapenya. Upande wa kushoto ulikuwa unakwenda kushoto, wa kulia unakwenda kulia. Hakuna kisu, hakuna ubongo unaotoa amri kwa sababu mnyama huyu hana ubongo, ana mtandao tu wa neva. Anatembea pande mbili kwa wakati mmoja hadi anachanika. Fundi alichukua karatasi ya mtihani iliyokuwa mezani, akaigeuza, akachora duara, kisha yai, kisha namba nane, kisha maduara mawili yenye ubavu ulio wazi. Karatasi hiyo bado iko kwenye friji yangu.

Niliuliza swali lililonilaza macho: nitajuaje kwamba anajigawa, hafi? Jibu lake nitalitoa lote, maana ndilo nililolipia. Anemoni anayekufa huachia. Mguu wake haushiki tena, anayumbayumba na maji, mdomo unabaki wazi na kupinduka nje, utumbo unatoka na hauingii, ngozi inayeyuka kama sabuni iliyoloweshwa, na harufu yake huwezi kuikosa. Anayejigawa hufanya kinyume: anashika zaidi, ananyooka zaidi, na minyiri bado inanata. Alivuta maji kwa lile bomba, akayapuliza polepole karibu na mnyiri mmoja wa pembeni. Ukajikunja papo hapo. "Huyu yuko macho," akasema. Kisha akachota maji ya tangi kwa kikombe cha chai akanipa ninuse. Bahari.

Kuna na hali ya tatu ambayo huwatia watu hofu bure, na mimi ilinitia mwezi wa kwanza: anemoni kusinyaa akawa kama tende. Ana tundu moja tu, la kuingizia chakula na kutolea uchafu, kwa hiyo mara kwa mara hujikamua maji yote, anatema kamasi ya kahawia, halafu baada ya saa chache anajaa tena. Akisinyaa na kurudi, mwache. Akisinyaa siku tatu bila kurudi, au rangi ikimtoka akawa mweupe kwa kupoteza vile vimwani vidogo vinavyoishi ndani ya nyama yake na kumtengenezea chakula kwa mwanga, hapo kuna neno.

Ndipo alipopima maji. Joto nyuzi 22 na nusu, wakati anatakiwa kuwa kati ya 24 na 26. Chumvi 1.023, yaani uzito wa maji haya ukilinganishwa na maji matupu, wakati lengo ni 1.025 au 1.026. Amonia hakuna. Hita ilikuwa inawaka na kuzima inavyotaka. Hakunikaripia. Aliniambia kwamba anemoni hujigawa kwa sababu mbili: ameshiba na amekua hadi mwili mmoja haumtoshi, au ameshtuliwa na badiliko la ghafla la joto, chumvi au mwanga. Huyu wangu alikuwa na yote mawili, shibe ya miaka miwili na mshtuko wa Jumamosi.

Nikamwambia habari ya dawa ya duka. Akaomba aone jina lake kwenye ujumbe niliotumiwa, akatikisa kichwa. Ilikuwa dawa ya shaba. Shaba huua vimelea vya samaki, ni kweli, lakini huwaua pia anemoni, kamba na konokono, na ikishaingia kwenye mawe na mchanga huwezi kuitoa kirahisi. Kama ningefuata ushauri ule, ningemtupa mnyama mzima aliye hai na kulitia tangi sumu, kwa shilingi 1,200. Hili bado linanichoma. Mtu anayeuza kiumbe hai hana budi kumjua.

Kazi aliyoifanya kwa mikono ilikuwa ndogo na yote ilikuwa nje ya anemoni. Alizivika pampu zote mbili sifongo, kwa sababu nusu mpya hutangatanga na pampu humnyonya na kumsaga. Alielekeza pampu moja juu ili uso wa maji utibuke zaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na oksijeni inayoyeyuka majini ni kidogo kuliko Mombasa. Sikulijua hilo. Aliniagiza chumvi nisiipandishe kwa pupa: maji yanayopungua kwa kukauka, lita mbili hivi kwa siku, niyafidie kwa maji yenye chumvi badala ya maji matupu, na kwa siku nane hivi itakuwa imefika. Hita akanitajia ukubwa, wati 200, akasema ninunue ninapotaka. Hakuniuzia.

Pia aliazima kikapu changu cha plastiki cha kuoshea mboga. Wakishagawanyika, alisema, jike la klauni litaendelea kujisugua kwenye kidonda. Nikiona hivyo nimfunike kwa kikapu yule anayesumbuliwa, kwa siku mbili, maji yapite, samaki asipite.

Usiku ule sikulala. Nilivuta kiti, nikasahihisha insha za kidato cha tatu mbele ya tangi. Saa sita unusu mdomo ulikuwa umefika ukingoni, yaani ule mfereji ulikuwa umekata sahani nzima. Saa saba na robo palibaki ukamba mmoja wa nyama, mwembamba kuliko utambi wa taa ya chemni, umenyooka kati ya vipande hivyo viwili. Ulikuwa unatetemeka na maji. Niliinamisha kichwa kuandika alama ya mwanafunzi mmoja, nikainua, haukuwapo.

Asubuhi nilikuwa na anemoni wawili. Kwa ngeli hakuna shida, A-WA, anemoni huyu, anemoni hawa. Lakini jana nilisema "huyu" na leo nasema "hawa" na hakuna aliyezaliwa wala aliyekuja kutoka nje. Nilichelewa gwaride kwa kuwaza hilo.

Asiyejua akiwaona siku ya kwanza atadhani wameuawa. Kila mmoja ni nusu: upande mmoja una minyiri na sura ya kawaida, upande wa pili ni kidonda kilicho wazi, kama mfuko uliochanika ubavuni, na unaweza kuona mikunjo ya ndani. Siku ya pili kingo za kidonda zilianza kujikunja ndani. Siku ya nne zilikuwa zimekutana, mshono mweupe umebaki. Mdogo wao alitambaa hadi nyuma ya jiwe, sentimita chache kutoka kwenye pampu, na ile sifongo ndiyo iliyomwokoa. Mkubwa nilimfunikia kikapu siku mbili, jike akikizunguka kwa hasira. Siku ya kumi midomo yote miwili ilikuwa imerudi kuwa vitone. Nilimtumia fundi picha kila siku na kila siku alijibu, hata kama ni kwa neno moja, "Subiri." Siku ya kumi na mbili akaniruhusu kulisha: kipande cha kamba cha ukubwa wa punje ya mchele, si zaidi, kwa sababu utumbo uliochanika hauhimili mzigo. Mkubwa alikikunja palepale. Mdogo alikishika, akakiachia, akakubali siku tatu baadaye.

Niliuliza kama watapigana kwa kugusana. Hapana, alisema, ni mwili mmoja uliogawanyika na wanatambuana. Angekuja anemoni wa ukoo mwingine, hapo ningewatenganisha.

Sasa kasoro, maana sitaki mtu adhani nimelipwa. Kuchelewa nimekutaja. Bei hakuitaja mapema hadi nilipouliza mara ya pili: ziara ni 3,500, sifongo mbili 400, na kama ungetaka abadilishe maji mwenyewe ni 1,500 zaidi. Kwangu ni haki, lakini angeandika tangu mwanzo. Risiti hana, una ujumbe wa M-Pesa basi. Anaongea haraka, kama si ile karatasi ningesahau nusu. Na lililo kubwa: alipozima mitambo ili maji yatulie, alisahau kuiwasha mashine ya kutoa povu, ile inayosafisha maji kwa kuutoa uchafu pamoja na povu. Niligundua saa kumi na mbili asubuhi. Pampu zilikuwa zinakwenda, kwa hiyo hakuna kilichodhurika, ila katika tangi ambalo kiumbe amejeruhiwa, kosa hilo lingeweza kuwa zito. Nilimwambia. Aliomba radhi bila kujitetea na akanirudishia 500. Nampa nyota nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu anajua ilikokwenda.

Wanaotaka kumwita: tuma video ya ubavuni, si ya juu, na pampu zikiwa zimezimwa kwa dakika mbili. Mwambie joto, chumvi, na lini ulibadilisha maji. Usimtumie picha moja iliyochukuliwa kwa mwanga wa buluu, atakuomba nyingine. Haendi nje ya Nairobi, na Ijumaa mchana hapokei hadi baada ya sala.

Kuna jambo alilolikataa mwanzoni ambalo lilinifanya nimwamini zaidi. Nilimwambia achukue mmoja kwa malipo, kwa kuwa nafasi ni ndogo. Akasema si sasa. Nusu iliyokatika karibuni ikisafirishwa kwa pikipiki ndani ya mfuko itakufa njiani. Tungoje walau miezi miwili, alale na kuamka vizuri, ale, na asiwe anahamahama. Na akaongeza kwamba kila anemoni anayetoka kwenye tangi la mtu ni mmoja ambaye hatatolewa mwambani kule kwao.

Alikuja Jumamosi iliyopita, safari hii kwa wakati. Mdogo alikuwa amekua upana wa kiganja changu. Hakumbandua: alimchukua pamoja na jiwe lake, ndani ya ndoo yenye maji yaleyale ya tangi, mfuniko juu, taulo kuzunguka. Alinipa 4,000 na mahali pale akaacha jiwe lingine la ukubwa uleule. Klauni dume, ambaye tangu kugawanyika alikuwa amefukuzwa na jike akafanya makao kwa yule mdogo, alilizunguka jiwe tupu siku mbili. Juzi jioni nilimwona amejiegemeza ukingoni mwa minyiri ya mkubwa, na jike hakumgonga.